Viraka vya pikipiki ya mzee

Huku Kasongo pikipiki ya zamani haitupwi. Inawekwa nyuma ya nyumba, kuku wanalala juu ya siti, watoto wanashika gidoni na kujifanya motari, na mwenyewe anaendelea kusema, "Yangu ipo, inangoja pesa tu." Nyingi zinangoja hivyo mpaka mwenyewe anazikwa.

Yamaha AG100 ya muuguzi mmoja mstaafu ilikuwa katika hali hiyo kwa miaka mingi. Sasa mwanawe, mwalimu wa shule ya msingi, ameamua kuifufua wakati baba yake bado ana macho ya kuiona. Kilichotokea katika garaji, chini ya mwembe, kinafaa kusimuliwa, maana kila mtaa wetu una pikipiki kama hiyo.

Yamaha waliitengeneza AG100 kwa ajili ya watu wa shamba. Injini yake ni ndogo, haifiki hata sentimita za ujazo 100, na ni ya mipigo miwili, ile inayokunywa esanse iliyochanganywa na oili. Mnyororo wake umefungiwa ndani ya kasha ili matope yasiingie. Ina sehemu ya kubebea mizigo mbele na nyuma. Haina urembo. Ndiyo maana misheni, miradi na zoni za afya ziliipenda. Anayejua barabara ya kwenda Kabambare wakati wa mvua haulizi kwa nini.

Kwa Kasongo, kazi ya chanjo ina historia yake. Mwaka 1971 ulianza hapa mradi wa afya pamoja na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji. Mwaka 1981 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha uchunguzi uliofanywa Kasongo juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35. Wataalamu wa dunia wanausoma hadi leo. Lakini chanjo haifiki kijijini kwa karatasi. Inatakiwa ikae kati ya digrii 2 na 8, ndani ya sanduku lenye barafu, na barafu haimngoji mtu aliyeharibikiwa na chombo njiani. Mzee huyu alifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, sanduku nyuma, tope mpaka magotini.

Fundi alipoifungua pikipiki, mwalimu aliona haya. Kila mahali kulikuwa na kiraka. Jointi ya silinda ilikatwa kwa boksi la katoni. Pini ya gurudumu la nyuma ilikuwa msumari uliopindwa. Pampu ya oili ilitolewa, na tundu lake likazibwa kwa kipande cha bati. Sehemu ya kubebea mzigo haikuwa ya Yamaha hata kidogo, ilikuwa vyuma vya kitanda vilivyochomelewa.

"Nani aliiharibu hivi?" mwalimu aliuliza.

Fundi akacheka. "Mwalimu, huyu hakuiharibu. Huyu aliitembeza."

Mzee mwenyewe alieleza baadaye, polepole. Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003 vipuri havikufika. Pikipiki iliyoonekana ilichukuliwa. Yake aliifungua vipande vipande: magurudumu kwa jirani mmoja, tanki kwa mwingine, injini chini ya magunia ya mchele. Hali ilipotulia kidogo aliiunga tena kwa alichokuwa nacho.

Hapo ndipo mabishano ya familia yalipoanza. Mdogo wake mwalimu alisema wauze chuma hicho na kuanza kulipia TVS mpya. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Pikipiki mpya ya mipigo minne inakunywa esanse kidogo, haihitaji kuchanganyiwa oili, na vipuri vyake vinapatikana kirahisi sokoni. Mwalimu naye alikuwa na picha moja ya zamani, baba kijana amesimama kando ya pikipiki inayong'aa. Alitaka ing'ae vile vile: rangi mpya, siti mpya, taa mpya.

Pesa zilitosha nusu ya kazi tu. Fundi akawaambia wachague: ing'ae, au itembee.

Alianza kwa kuwaonyesha kitu kidogo, mipira miwili ya duara ambayo mafundi wanaiita spi. Inakaa huku na huku kwenye mhimili wa injini. Katika injini ya mipigo miwili, hewa na esanse hupita kwanza chini, ndani ya tumbo la injini, kabla ya kupanda kwenye silinda. Pikipiki ikilala miaka mingi, mipira hiyo hukauka na kuwa migumu kama ganda la kobe. Injini inawaka, kila mtu anapiga makofi. Lakini hewa inapenya pembeni, esanse inakuwa haba, na oili pia, kwa sababu inasafiri na esanse. Injini inapanda mbio yenyewe, inapata joto, na siku moja kwenye kilima pistoni inashika. Bei ya spi ni ndogo. Kazi ya kuzifikia ni kubwa, maana lazima injini yote ifunguliwe. Ndiyo sababu wengi wanaruka hatua hiyo na kununua rangi.

Mwalimu alinyamaza. Kisha akasema rangi ingoje.

Pistoni ilikuwa imeganda ndani ya silinda. Fundi hakupiga nyundo. Alimimina mazuti na oili, akaacha siku kadhaa, akagonga kwa kipande cha mti mpaka ikalegea. Silinda ilikuwa na mikwaruzo, kwa hiyo ilibidi ichongwe na iwekewe pistoni kubwa kidogo, ya kuzidi nusu milimita. Hapa fundi alisisitiza utaratibu: pistoni itafutwe kwanza, ndipo silinda ichongwe kwa kipimo chake. Wapo waliochonga kwanza, halafu wakakosa pistoni, na silinda ikabaki ya kuwekea maua. Silinda ilifungwa kwenye gunia na kukabidhiwa motari anayekwenda Kindu, zaidi ya kilomita 200. Ilichukua wiki nyingi kurudi. Kila aliyepita garaji aliuliza kama imekufa.

Wakati wa kungoja, tanki lilisafishwa. Walitia changarawe na maji ya ndimu, wakalitikisa, wakaliacha usiku, wakatikisa tena mpaka kutu yote ikatoka. Lilisuuzwa, likakaushwa juani na kupakwa oili ndani. Lilikuwa na tundu dogo, na kijana mmoja alitaka kulipeleka moja kwa moja kwa mchomelea vyuma. Fundi alimzuia kwa ukali. Tanki lisilo na esanse bado lina mvuke wa esanse, na mvuke ndio unaolipuka. Lilijazwa maji mpaka karibu na lile tundu, ndipo likachomelewa.

Kisha wakaja kwenye viraka, kimoja kimoja. Katoni ilitoka, ikaja jointi ya kweli. Msumari ulitoka, maana gurudumu likichomoka mtu anakufa. Juu ya pampu ya oili walibishana. Yamaha walianza kuuza pikipiki zenye pampu hiyo mwaka 1964, na mwalimu alitaka irudi ili pikipiki iwe kama ilivyotoka kiwandani. Fundi alisema pampu iliyochoka inaweza kuacha kupeleka oili bila kumwambia mtu, na injini inajifia. Afadhali kuchanganya kwa mkono, mililita 30 za oili mpya kwa kila lita ya esanse. Oili iliyokwisha kutumika haifai. Lakini mchanganyiko wa mkono nao una hatari yake: siku pikipiki itakapoazimwa na mtu asiyejua. Kwa hiyo rangi pekee iliyonunuliwa ilikuwa kikopo kidogo, na juu ya tanki yakaandikwa maneno mawili: TIA OILI.

Kikabaki kile chuma cha kitanda. Mwalimu alisema kitoke, ni aibu. Mzee, ambaye siku zote hizo alikuwa hajakataa lolote, akanyanyua mkono.

"Kile cha Yamaha kilivunjika siku mbili kabla ya kampeni ya chanjo," alisema. "Mama yenu akatoa kitanda chetu. Tulilala chini mwaka mzima."

Mama huyo alishafariki. Watoto wake walikumbuka mkeka, lakini sababu yake hawakuijua. Fundi alikagua michomeo, akaitikisa kwa nguvu zake zote, akasema ni imara kuliko ya kiwandani. Ikabaki.

Silinda iliporudi, injini ilifungwa kwa spi mpya. Iliwaka teke la tisa, ikatoa moshi mwingi, na watoto wa mtaa wakakimbia huku wakicheka. Mwalimu aliiendesha taratibu, bila mzigo, akipumzika kila baada ya kilomita chache, kama fundi alivyoagiza, ili pistoni mpya izoee silinda.

Jioni alimkuta baba yake kitandani, akaanza kumweleza jinsi ilivyopanda kilima. Mzee hakutaka hadithi. Aliomba aletewe buji. Buji nyeupe maana yake injini inachomeka kwa kukosa esanse. Nyeusi yenye mafuta maana yake imezidishiwa. Mwalimu akaifungua ikiwa bado ya moto, akaileta ndani ya kitambaa. Mzee aliisogeza karibu na taa, akaigeuzageuza muda mrefu. Ilikuwa ya rangi ya kahawia, kama chai isiyo na maziwa.

"Sawa," alisema. "Watu wa kituo cha afya wakija kuiomba, wapeni."