Manemane ya Garissa: Dawa ya Mzazi, Si ya Mjamzito

Njia ya kutoka Malindi kwenda Garissa huiacha bahari mapema. Baada ya Garsen tuliandamana na mto Tana, tukapita Hola na Bura, minazi ikatoweka na miti ya miiba ikashika nafasi yake. Tulipovuka daraja la Madogo tulikuwa tumekwisha kuingia nchi ya ngamia. Hata hivyo, katika Soko Mugdi, ambalo jina lake kwa Kisomali lina maana ya giza, tulilakiwa na harufu tuliyoijua tangu utotoni: harufu ya nyumba ya mzazi.

Ilikuwa ni manemane, ambayo wenyeji huiita malmal. Huu ni utomvu wa mti mdogo wenye miiba, uotao katika nyika kavu za kaskazini mashariki. Gome likijeruhiwa hutoka tone la manjano, nalo hukauka likawa punje ya hudhurungi iliyoingia wekundu. Kina mama na watoto huziokota punje hizo wakiwa machungani, hasa wakati wa kiangazi, maziwa yanapopungua na nyumba ikahitaji fedha ya unga na sukari.

Wauzaji walitufundisha kuitambua. Iliyo safi huwa chungu mno ulimini, na ndiyo sababu Waarabu wakaiita murr, yaani chungu. Ikisuguliwa ndani ya maji, maji hugeuka kama maziwa. Iko jamaa yake iitwayo hagar, ambayo wafugaji huitumia kufukuzia kupe wa mifugo. Asiyejua aweza kuuziwa hiyo badala ya malmal.

Kwa Wasomali, kama kwetu pwani, mzazi hukaa ndani siku 40. Hufukizwa kwa dabqaad, ndugu wa chetezo chetu, na wengine hunyweshwa maji ya malmal kwa imani kwamba husafisha tumbo la uzazi. Wapo pia wanaoyanywa hedhi inapochelewa au inapokuja na maumivu. Ujuzi huu ni wa kale. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1 waitaja manemane miongoni mwa bidhaa za bandari za Wasomali, na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliiweka katika kitabu chake cha tiba.

Lakini ndani ya sifa hiyohiyo mna hatari. Kile kinachosifiwa kuwa kufungua hedhi ni uwezo wa kuuchochea mfuko wa uzazi, na kwa mwenye mimba jambo hilo laweza kuleta damu na kuiharibu mimba. Nayo hedhi iliyochelewa mara nyingi huwa ndiyo mimba yenyewe, changa, ambayo mwenyewe bado hajaitambua. Bibi mmoja, muuzaji wa miaka mingi, alitueleza kwamba jambo la kwanza amuulizalo mnunuzi ni hesabu ya siku zake. Asiyeikumbuka humrudisha nyumbani mikono mitupu, ijapokuwa siku hiyo hajauza kitu.

Laiti kila muuzaji wa dawa za miti shamba, huku Garissa na huko kwetu, angeuliza swali hilo. Utafiti wa kitabibu kuhusu manemane na homoni za wanawake bado ni mchache, na hedhi iliyovurugika ina sababu nyingi: tezi ya shingo, uvimbe wa mfuko wa uzazi, lishe duni, hata huzuni nzito. Hayo hutambuliwa kwa vipimo.

Kwa hiyo, mama zetu na dada zetu, tuziheshimu dawa za bibi zetu kwa kuzitumia mahali pake. Aliyekosa hedhi apime mimba kwanza. Anayetumia dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kabla ya kunywa malmal. Chetezo kiwekwe mbali na kitanda cha mtoto mchanga, kwani mapafu yake hayauhimili moshi. Na mzazi anayetokwa na damu nyingi, au aliyeshikwa na homa, apelekwe hospitali saa ileile, arobaini yake iwe imetimia au haijatimia.