“Na Kwenu Je?”

Ndugu zangu, haya yalinikuta mwaka wangu wa kwanza hapa Johannesburg. Rafiki yangu wa darasani, kijana wa Durban, alinipeleka Encounters, tamasha lililoanza 1999 linaloonyesha filamu za hali halisi hapa na Cape Town. Hakuna staa wala ngumi, ni watu wa kweli na mambo yao. Tulipotoka akanisimulia la kwao Durban: lipo tangu 1979, na filamu zake ni za dunia nzima.

“Na kwenu je?” akauliza.

Nikajigamba! Nikamtajia ZIFF ya Zanzibar, iliyoanza 1998: filamu za nchi za jahazi, zile za Bahari ya Hindi, watu wamekaa Ngome Kongwe usiku, na zawadi kuu ni Jahazi la Dhahabu.

“Wewe uliona filamu gani huko?”

Kimya. Yaani mimi mtoto wa Dar, boti saa mbili tu, sijawahi kukanyaga. Sinema yangu ilikuwa kibanda cha video, picha za Kihindi na za Kinaijeria. Nauli ya Joburg ilipatikana, ya Unguja ndiyo ilinishinda?

Wenzangu, tunalalamika wageni hawatujui. Sisi je, tunajijua? Likizo ikifika, vukeni maji.