Mazoea Yalikuwa ya Nyumba

"Umekula?"

Hilo ndilo lililokuwa swali la kwanza la mama kila aliponipigia simu chuoni, kabla ya masomo, kabla hata ya habari za ng'ombe. Nami nilikuwa nikijibu, "Nimekula, mama," nimekaa kitandani saa mbili usiku, tumboni mna kikombe cha kahawa na andazi la tangu saa tano asubuhi. Nilimdanganya hivyo karibu mwaka mzima. Niliona namwondolea wasiwasi mtu mzima aliye mbali, ambaye hata angejua ukweli asingeweza kuninyooshea sahani.

Kwetu ni Lushoto, kwenye baridi ya milima ya Usambara. Nyumbani nililala mapema kwa sababu taa zilizimwa mapema. Niliamka alfajiri kwa sababu ufagio wa mama ulikuwa tayari unakwaruza uani. Nilikunywa chai kwa sababu ilikwisha kumiminwa. Nilipanda na kushuka kilima kila siku kwa sababu shule ilikuwa ng'ambo ya bonde na gari hakuna, na nilikula makande, mnavu na parachichi kwa sababu ndivyo vilivyokuwepo. Siku naanza chuo nilishuka kwenye basi Dar es Salaam nikijihesabu kuwa binti mwenye nidhamu. Ilinichukua miaka miwili kuelewa kwamba mazoea yale hayakuwa yangu. Yalikuwa ya nyumba, na mimi nilikuwa mpangaji tu ndani yake.

Chuoni siku haina kuta. Leo kipindi ni saa moja asubuhi, kesho ni saa nane mchana, keshokutwa hakuna. Hakuna anayekugongea mlango, hakuna anayekuuliza mbona sahani yako imerudi nzima. Bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, likiingia, wiki ya kwanza ni chipsi kuku na soda baridi. Likikaribia kwisha tunapiga pasi ndefu: unakula kitu saa tano ili kihesabike kuwa chai na chakula cha mchana kwa pamoja, kisha unavumilia mpaka usiku. Tulilisema neno hilo kwa kucheka, na kicheko kile kilituzuia kuliona jambo lenyewe, kwamba vijana wa miaka ishirini walikuwa wanashinda na njaa huku wakijaribu kuelewa takwimu.

Kukesha nako kulikuwa sifa. Mtu aliyelala saa nne usiku wiki ya mitihani alionekana hana uchungu na maisha yake. Mimi nilikuwa nakunywa kahawa saa nne usiku ili niendelee na madesa, na sikujua kwamba kwa mtu mzima mwenye afya nusu tu ya kafeini huchukua kama saa tano hivi kutoka mwilini. Ile ya saa nne ilikuwa bado imenishika saa tisa, nilipojilaza hatimaye nikitazama dari. Ubongo hutumia usingizi kupanga na kuhifadhi kile ulichojifunza mchana. Nilikuwa najaza ndoo huku nimeitoboa mwenyewe.

Mwaka wa pili nilichora ratiba. Nilitumia kalamu za rangi nne: saa kumi na moja alfajiri kukimbia, saa kumi na mbili sala, saa moja matunda, na kuendelea hivyo mpaka usiku. Niliibandika ukutani juu ya kitanda. Ilidumu siku nne, na siku ya tano kuitazama tu kuliniumiza. Niliamini kasoro iko ndani yangu, kwamba wenzangu wana utashi ambao mimi nimenyimwa. Sasa nadhani ratiba ile ilikosa kitu kimoja: ndani yake hakukuwa na mtu mwingine yeyote.

Wiki moja kabla ya mitihani tumbo lilinishika usiku. Lilikuwa linaniuma siku nyingi, moto wa chini ya kifua unaokuja nikiwa na njaa, lakini usiku ule nilishindwa hata kunyooka. Mwenzangu wa chumba, binti wa Bukoba niliyepanga naye mtaa wa Changanyikeni, alinivalisha kanga, akaita bajaji, tukaenda hospitalini.

Daktari alikuwa mzee wa umri wa babu yangu. Nilimwamkia, akaitika, akavuta kiti karibu.

"Unakula saa ngapi, mwanangu?"

Nikaanza kusema nakula vizuri. Mwenzangu akanikatiza: "Hali, daktari. Anakunywa kahawa."

Nilikwenda pale nikiwa na jibu langu tayari: vidonda vya tumbo, na vimeletwa na mawazo. Ndivyo kila mtu alivyoniambia. Yule mzee alinipima kwanza, akakuta bakteria aitwaye Helicobacter pylori, kisha akanisimulia habari ambayo sijaisahau. Zamani hata madaktari walilaumu mawazo na pilipili, mpaka Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, waliposema kwamba vidonda vingi vya tumbo vinatokana na bakteria huyo. Wengi hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall akawanywa bakteria hao yeye mwenyewe, na baada ya siku chache tumbo lake likawa limevimba kwa ndani. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobeli. Nilifarijika kuliko ninavyoweza kueleza. Nilikuwa nimeamini kwamba tumbo langu linauma kwa sababu mimi ni dhaifu.

Lakini mzee hakuniacha hapo. "Njaa haikumleta mdudu huyu," alisema, "ila dawa zake huwezi kuzimeza ukiishi unavyoishi."

Alikuwa sahihi. Dozi ilikuwa ya siku 14, asubuhi na jioni. Kidonge kimoja nusu saa kabla ya kula, vingine baada ya chakula, na siku zote mdomoni ladha ya chuma. Ili kumeza vidonge saa moja asubuhi na saa moja jioni, ilinibidi niwe na chakula saa moja asubuhi na saa moja jioni. Kwa mara ya kwanza tangu nitoke Lushoto siku yangu ikapata nguzo mbili.

Na nguzo zile zilishikiliwa na watu. Mwenzangu aliweka kengele kwenye simu yake, siyo yangu, kwa kuwa alijua yangu ningeizima. Mama wa banda la chakula karibu na geto letu alianza kuniwekea uji asubuhi bila mimi kuagiza. Siku moja nilipitiwa na usingizi, akamtuma mtoto wake aje agonge. "Mama kasema uji unapoa." Nilikaa kitandani nikalia. Ilikuwa miaka miwili tangu mtu anigongee mlango.

Vidonge viliisha, saa zile zikabaki. Baadaye nilisoma utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010. Watu 96 walichagua kila mmoja jambo dogo la kula, kunywa au mazoezi, wakalifunga kwenye kitu ambacho tayari kipo katika siku, kama vile baada ya kifungua kinywa. Ilichukua wastani wa siku 66 mpaka jambo lijiendeshe lenyewe. Wengine siku 18 tu, wengine walikadiriwa kuhitaji 254. Na kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Nilipofika hapo nilikumbuka ratiba yangu ya rangi nne, jinsi nilivyoibandua kwa aibu kwa sababu ya asubuhi moja ya kulala.

Yaliyofuata yalikuja polepole, moja likivuta jingine. Bumu lililofuata tulichanga tukanunua mtungi wa gesi wa kilo 6, mchele, maharage na dagaa, kabla ya kununua kitu kingine chochote. Maharage tuliyaloweka usiku ili yasitumalizie gesi. Kwa kuwa chakula cha jioni kilikuwa saa moja, nililazimika kurudi kabla ya saa moja, na kwa kuwa mwenzangu alirudi kwa miguu, nami nikaacha kupanda bodaboda. Tulitembea dakika thelathini hivi, siku tano kwa wiki, tukisimuliana yaliyotokea vipindini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za kuushughulisha mwili kwa wiki, na sisi tulizifikisha bila kujua kuna anayezihesabu. Kahawa nikawa siinywi baada ya mchana. Usingizi ukaja wenyewe.

Kusimuliana huko njiani kunanigusa mpaka leo. Katika kutembea kule ndiko nilikosema kwa mara ya kwanza kwamba nimekuwa mpweke, kwamba kuna Jumapili nzima zilipita sijasema neno kwa mtu. Mwenzangu akasema, "Hata mimi." Tulikuwa tumelala chumba kimoja miezi minane.

Sitaki nionekane nimepona mara moja. Nilipokwenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, mji mwingine nilipanga chumba peke yangu, na wiki ya pili tu nilikuwa nimerudia pasi ndefu na kukesha na simu. Niliogopa sana. Kisha nikaelewa kwamba nilikuwa nimehama nyumba tena bila kubeba watu. Nikamfuata mama mwenye nyumba, nikamwamkia, nikamwomba niwe namchangia hela ya chakula nile jioni na familia yake. Alishangaa kuombwa, akakubali. Niliosha vyombo vyao miezi miwili.

Ndiyo maana nachukia vijana wa vyuo wanapohutubiwa kuhusu nidhamu peke yake. Kijana anaambiwa ajitume, ajipange, ajikaze, kila kitenzi kina "ji" ndani yake, kana kwamba waliomlea walimlea kwa hotuba na siyo kwa kukaa naye jamvini.

Mwaka huu mdogo wangu ameanza chuo, Dodoma. Siku ya safari mama alimfungia parachichi na viazi, akaniambia pembeni, "Huyu mfuatilie." Nampigia saa moja na nusu jioni. Sikumpa ratiba. Wiki ya kwanza nilimwuliza kama amekula, akajibu haraka mno, "Nimekula, dada," na niliitambua sauti ile, kwa kuwa ilikuwa yangu. Tangu hapo namwuliza amekula nini, na amekula na nani.

Jana alichelewa kupokea. Alipopokea nilisikia kijiko kinagonga sufuria, na vijana wawili wanabishana kama wali umeiva.

"Dada, nikupigie baadaye," alisema. "Wananisubiri mimi nipakue."