Nyangwe, Mji Zilikopangwa Safari za Pembe

Ndugu msomaji, ukitoka Kabambare ukaelekea machweo ya jua, ukapita Kasongo, utafika ukingo wa kuume wa mto Lualaba, penye Nyangwe. Mto ni mpana, nao washuka kuelekea kaskazini. Mgeni asiyeambiwa hatajua ya kuwa mahali hapa palijulikana zamani hata Unguja na London. Natukae kidogo ukingoni, tutazame jinsi safari kubwa za kutafuta pembe za ndovu zilivyokuwa zikipangwa.

Waarabu na Waswahili wa pwani walifungua kituo hapa yapata mwaka 1860. Kilichowavuta ni ndovu wa Manyema. Ulaya na Marekani zilitaka pembe kwa vinanda, vipini vya visu na mipira ya biliadi; kwa hiyo kila frasila iliyofika pwani, yaani ratili 35, ilikuwa mali.

Kupanga safari ya namna hiyo hakukuwa kazi ya siku moja. Kwanza ulitakiwa mkopo: Tippu Tip, ambaye jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, alikopeshwa bidhaa na Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja. Pili, bidhaa zenyewe: merikani na kaniki, nyaya za shaba, bunduki, baruti, na shanga. Shanga zilitaka akili, kwa maana rangi iliyopendwa nchi hii ilikataliwa nchi ya pili. Tatu, wapagazi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi kichwani au begani. Hesabu hizo zilifanywa kwa uangalifu mkubwa.

Lakini lilikuwako jambo moja lisilonunuliwa kwa shanga, nalo ni imani ya wenyeji. David Livingstone alifika Nyangwe mwisho wa Machi 1871, akataka mitumbwi avuke mto. Alingoja miezi mitatu na zaidi asiipate. Wenyeji waliwaogopa watu wenye bunduki, wakaona heri mitumbwi yao ikae mbali nao.

Je, walikosea? Tarehe 15 Julai mwaka ule, watu wapatao 1,500, wengi wao wanawake, walikusanyika sokoni. Pakazuka ugomvi mdogo juu ya kuku, na watu wa wafanyabiashara wakafyatua bunduki katikati ya umati. Wengine walikufa kwa risasi, wengine wakazama mtoni walipokuwa wakikimbia. Waarabu wenyewe walikisia waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Wahenga husema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mgeni alikuwapo, mwenyeji akaangamia. Basi tusishangae kusikia ya kuwa Cameron, alipofika mwaka 1874, naye alinyimwa mitumbwi.

Stanley alikuja mwezi wa Oktoba 1876. Yeye alikuwa na mashua yake, iliyokatwa vipande ili ichukuliwe na wapagazi. Yasemekana alirusha rupia kuchagua njia. Rupia ikaonyesha kusini, vijiti navyo vikaonyesha kusini, naye akashika njia ya kaskazini. Alipatana na Tippu Tip amsindikize vituo 60, kila kimoja mwendo wa saa 4. Stanley aliandika malipo kuwa dola 5,000. Tippu Tip katika kitabu cha maisha yake asema 7,000. Waliondoka Nyangwe tarehe 5 Novemba. Msituni watu wakapatwa na ndui na kuhara, na mwisho wa Desemba Tippu Tip akarudi. Stanley alitokea Boma tarehe 9 Agosti 1877. Watu 356 walikuwa wameanza naye safari kutoka pwani mwaka 1874. Waliofika hawakutimia 120. Wengine walitoroka, lakini wengi walikufa. Saa na dola ziliandikwa katika mapatano. Vifo vya wapagazi havikuandikwa.

Tarehe 4 Machi 1893 askari wa Dola ya Kongo, chini ya Dhanis, waliuteka mji. Enzi ilibadilika, lakini desturi ya kuhesabu haikubadilika. Mwaka 1909 Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, aliwinda katika Kenya ya leo na nchi za jirani. Walichukua tani 4 za chumvi ya kuhifadhia ngozi, vitabu vipatavyo 60, na wapagazi zaidi ya 200. Yeye na mwanawe waliua wanyama 512. Idadi hiyo imehifadhiwa vizuri hata leo. Lakini ni nani awezaye kututajia majina ya wale waliobeba chumvi?

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyepanga safari ameketi kivulini aliuona mzigo ule kuwa mwepesi. Shingo ya aliyeubeba ilijua uzito wake.

Mwaka 2016 serikali ya Kongo ilianzisha Hifadhi ya Taifa ya Lomami katika majimbo ya Maniema na Tshopo, nayo bado ina ndovu wa msituni. Huu nao ni mpango, tena mwema. Twaomba tu wanaoupanga wakumbuke mitumbwi ya Nyangwe: kwanza wawaendee wenyeji wa msitu, wawasikilize, ndipo waandike hesabu zao. Nasi tulio na watoto, tuwaonyeshe mto huu, tuwaambie ni nani waliobeba pembe zile.