Sauti ya Ng'ambo

Katika bonde la juu la mto Chimbu, kwenye nyanda za juu za Papua New Guinea, habari zilisafiri kwa koo la mtu. Mwenye ujumbe alisimama kwenye ukingo wa mlima, akajaza kifua, akaita jina la ukoo wa ng'ambo, akiivuta silabi ya mwisho mpaka pumzi ikaribie kumwishia. Kisha alinyamaza na kutega sikio. Jibu likija, jembamba, limefifishwa na umbali, ndipo alipotuma maneno yake kipande kwa kipande, na yule wa ng'ambo akarudia kila kipande kuonyesha kwamba amekipata. Wakishamaliza, wa ng'ambo aligeuka na kuupeleka ujumbe kwenye mlima wa nyuma yake. Kwa miguu, kushuka hadi mtoni na kupanda upande wa pili kulichukua nusu siku. Kwa sauti, dakika chache tu.

Kanisa langu lilinipeleka huko mwaka 1998, nikiwa muuguzi mkunga kutoka Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Watu ndio kwanza walikuwa wanainuka kutoka kwenye janga la mwaka uliotangulia. El Niño ya 1997 ilileta ukame, na kwa kuwa usiku mbingu zilikuwa wazi bila wingu, baridi kali ilishuka na barafu ikaunguza viazi vitamu mashambani. Huko kiazi kitamu, ambacho kwa Kitok Pisin huitwa kaukau, ndicho mlo wa asubuhi na wa jioni, na ndicho chakula cha nguruwe pia. Ndege za jeshi la Australia zilikuwa zimesambaza mchele na unga katika sehemu zisizofikika. Nilipofika mashamba yalikuwa yameanza kurudi kijani, lakini watoto niliowapima walionyesha wazi mwaka waliotoka.

Kijiji nilichopangiwa kiko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima Wilhelm wenye mita 4,509. Mashamba yamelala kwenye miteremko mikali mno, yamezungushiwa ua wa mbao ili nguruwe wasiingie, na pembeni yake wamepanda mivinje, kwa sababu wanajua tangu kale kwamba mti huo hurudisha rutuba kwenye udongo uliochoka. Nyumba zilikuwa za chini, zimeezekwa nyasi, hazina dirisha, moto katikati. Moshi ulijitafutia njia wenyewe kupitia kwenye nyasi. Usiku baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na bila moto huo hulali. Lakini ndio huohuo moto uliowajaza watoto kikohozi.

Mimi mtoto wa migombani sikuona migomba mingi pale juu, baridi haiiruhusu. Lakini ukienda magharibi hadi Kuk, karibu na mji wa Mount Hagen, kuna kinamasi ambamo wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta mitaro ya mashamba. Kilimo pale huenda kilianza kama miaka 10,000 iliyopita, na migomba ilipandwa takriban miaka 7,000 iliyopita. UNESCO waliliingiza eneo hilo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Wataalamu wa jenetiki wanaeleza kwamba sehemu ya asili ya migomba tunayoilima Afrika Mashariki inatokana na migomba ya porini ya kisiwa cha New Guinea. Nilipoelezwa hayo ugeni wangu ulipungua kidogo.

Wazee wachache waliokuwa watoto mwaka 1933 bado walikuwa hai. Mwaka huo ndipo afisa wa serikali ya Australia, Jim Taylor, pamoja na ndugu wawili wa ukoo wa Leahy waliokuwa wakitafuta dhahabu, walipopita katika nchi hii ambayo watu wa pwani walidhani ni milima mitupu. Walikuta mabonde yaliyojaa watu. Wazee walinisimulia kwamba wageni hao hawakuweza kufika mahali popote bila kutarajiwa. Sauti ziliwatangulia kutoka mlima hadi mlima.

Kwangu mimi sauti hizo zilikuwa kazi. Zahanati yetu ilikuwa na vyumba viwili, na mgonjwa wa mbali alitangazwa kabla ya kuonekana. Nilijifunza kuzitofautisha hata kabla sijaelewa Kikuman, lugha ya bonde lile. Sauti ya msiba ilikuwa nzito na ilijirudia; sauti ya vita ilikuwa fupi; sauti ya mama aliyeshindwa kujifungua ilianza kwa jina langu la kazi, Sista, ambalo kule hupewa kila muuguzi wa kike. Nikiisikia nilichemsha maji, nikapanga vifaa, nikatuma vijana wawili wenye nguvu wawapokee wabebaji njiani.

Machela waliitengeneza palepale mgonjwa alipolala. Miti miwili ya mvinje ilipitishwa kwenye magunia ya kahawa yaliyotobolewa pembe, blanketi likatandikwa juu, na mgonjwa akafungwa kifuani na kwenye mapaja ili asiteleze kwenye mteremko. Mbele walikaa wafupi na nyuma warefu wakati wa kupanda. Wakati wa kushuka walibadilishana. Mvua ikinyesha, mwanamke mmoja alitembea kando akishikilia juu ya uso wa mgonjwa mkeka wa majani ya mkadi ulioshonwa, usiopitisha tone. Mwingine alimbeba mtoto mkubwa wa mgonjwa ndani ya bilum, ule mfuko wa kamba unaoning'inia mgongoni kutoka kwenye paji la uso. Hakuna aliyelipwa. Nimeona watu ishirini wakipokezana kumbeba mtu mmoja, na njia nzima wakimsemesha ili asilale.

Habari za furaha nazo zilipigiwa kelele, nazo pia ziliniweka tayari. Ukoo ukitangaza sikukuu ya kuchinja nguruwe, nilijua kwamba baada ya siku chache ningeweza kuletewa mtoto mwenye tumbo gumu lililojaa gesi, anayetapika na kuharisha damu. Ugonjwa huo kwa Kitok Pisin ni pigbel. Utafiti wa miaka ya 1960 na 1970 ulifafanua chanzo chake: bakteria katika nyama hutoa sumu inayoozesha utumbo, na mtoto aliyelelewa kwa viazi vitamu, anayekosa protini siku zote, hana kimeng'enya cha kutosha cha kuivunja sumu hiyo, maana kiazi chenyewe hukizuia kimeng'enya hicho. Chanjo ya miaka ya 1980 iliupunguza sana, lakini sisi wa milimani hatukuacha kuuogopa. Mtoto wa namna hiyo anahitaji dripu, mara nyingine kisu cha daktari, na daktari alikuwa Kundiawa, mji mkuu wa mkoa.

Ili kumfikia daktari tulikuwa na simu ya upepo. Ilikaa kwenye meza ya pembeni, ikitumia betri ya gari iliyochajiwa na kibao cha sola, na kila asubuhi vituo vya afya viliitwa kimoja kimoja. Kila aliyefungua alisikia yote. Nilieleza hali ya mgonjwa wangu huku wauguzi wa mabonde mengine wakisikiliza, na mara kadhaa ni mmoja wao aliyeingilia kati na kuniambia amewahi kupata mgonjwa kama huyo na alifanya hivi. Sijawahi kuwa na walimu wazuri kuliko hao, na wengi wao sikuwahi kuwaona uso kwa uso.

Kampuni ya simu za mkononi ya Digicel ilianza kazi nchini mwaka 2007. Haukupita muda mrefu helikopta zikawa zinapeleka minara kwenye vilele ambavyo hata wawindaji walikuwa hawavipandi. Mwanzoni mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, kwenye jiwe lililo juu ya kanisa, na jioni ungekuta foleni. Wenye vibao vya sola walichaji simu za wenzao kwa toea chache, yaani senti za kule. Kijiji ambacho hakikuwa na bomba la maji wala waya wa umeme kilipata simu, tena kabla hata sijapata jokofu la chanjo la kutegemewa.

Walionufaika kwanza walikuwa wanawake. Kule binti akiolewa huhamia kwenye ardhi ya mumewe, mara nyingine milima mitatu mbali, na njia ya kurudi kwao inaweza kufungwa na vita kwa miaka. Mama mmoja jirani yangu alikuwa amejua kifo cha mama yake kwa kuona watu wakishuka bondeni wamejipaka udongo wa msiba. Mazishi yalikuwa yamekwisha. Mwanawe wa kike alipoolewa kule bonde la Wahgi, walizungumza kila Jumapili, vocha ikiisha katikati ya sentensi. Mjukuu alipozaliwa, bibi alisikia kilio chake siku hiyohiyo. Nilikuwepo. Aliniletea simu sikioni, akasema, "Sista, sikiliza, mapafu yake ni mazima."

Lakini simu ilibeba na mengine. Vita vya koo zilizoniona nikifika vilikuwa bado, kwa sehemu kubwa, vya pinde na mishale, ingawa bunduki zilikuwa zimekwisha kuingia nyanda za juu. Sasa ugomvi wa mpaka wa shamba uliwafikia ndugu walioko mjini kabla wazee hawajakaa kuuzungumza, na vijana wakaja na silaha ambazo zahanati yangu haikuwa na uwezo wa kutibu majeraha yake. Hata tuhuma za uchawi, wanaouita sanguma, zilipata miguu. Zamani mwanamke aliyetajwa alikuwa na siku mbili tatu za kukimbilia kwa kaka zake. Simu ilizifupisha. Mwaka 2013 bunge la nchi ile lilifuta Sheria ya Uchawi ya 1971, ambayo ilikuwa ikimpunguzia adhabu aliyeua kwa kisingizio hicho, na nilishukuru sana. Ila sheria ya Port Moresby, mji mkuu usiofikika kwa barabara kutoka milimani, huchukua muda kupanda hadi kule.

Na hapa ndipo moyo wangu unapouma. Katika miaka ileile habari zilipokuwa zinaongeza kasi, msaada ulipunguza. Barabara ya kutoka Kundiawa kupanda bondeni imechongwa kwenye korongo, na kila msimu wa mvua maporomoko huikata. Zahanati ndogo za juu zilifungwa moja baada ya nyingine, mhudumu akistaafu bila wa kumrithi, au dawa zikikoma kuja. Usiku mmoja nilikuwa na mama ambaye mtoto wake alikuwa ametoka salama lakini kondo la nyuma limegoma kutoka, na damu haikukoma. Nilimpata daktari kwa simu mara moja. Tulizungumza kama watu walio chumba kimoja. Aliniongoza, nami nikafuata. Alichohitaji yule mama baada ya hapo ni damu ya kuongezewa, na gari lililotumwa lilisimama mbele ya udongo ulioanguka jioni ile. Wanaume walimbeba kwa machela, magunia yaleyale ya kahawa, mpaka upande wa pili wa maporomoko. Alipona. Sitaki mtu asome hapo kwamba simu ilimwokoa. Walimwokoa waliombeba.

Tarehe 24 Mei 2024, muda mrefu tangu nirudi nyumbani, mlima ulishuka usiku juu ya makazi ya Yambali katika mkoa wa Enga. Picha zilinifikia Machame siku hiyohiyo, kabla sijamaliza kazi za jioni. Dunia nzima ilijua. Lakini pale penyewe watu walichimba kwa mikono, majembe na vijiti, na ilichukua siku mbili hivi kabla mtambo wa kwanza wa kuchimbia haujafika, barabara ikiwa imefukiwa. Wahudumu wa Umoja wa Mataifa walikadiria waliofukiwa kuwa 670; serikali ikasema ni zaidi ya 2,000. Nilizitazama namba hizo mbili kwa uchungu. Watu hao hawakuwa wamehesabiwa sawasawa walipokuwa hai.

Yapo yaliyoboreka, na ningekosa haki nisipoyataja. Hospitali tano za nchi ile ziliwekewa mashine za oksijeni na vipimo vya oksijeni vinavyobanwa kidoleni kuanzia 2005, na vifo vya watoto wenye nimonia vikapungua kwa takriban asilimia 35. Kwa anayejua hewa ilivyo nyepesi kule juu na moshi ulivyo mzito ndani ya zile nyumba, hilo ni jambo kubwa sana. Nyumba nyingi sasa zina bati na dirisha. Kahawa inaleta fedha, ingawa mdudu anayetoboa buni aliingia mwaka 2017 na wakulima wanahangaika naye.

Binti mmoja aliyekuwa akinishikia taa wakati wa kuzalisha amekuwa muuguzi, na anafanya kazi katika zahanati ileile. Hunipigia kwa WhatsApp mtandao ukikubali. Simu yake ya mwisho ilihusu zahanati ya juu iliyofungwa: anataka mkoa umlipe mhudumu mmoja tu, ili akina mama wa huko wasibebwe umbali ule wote. Ameomba kwa mdomo mara nyingi na kujibiwa vizuri. Nilimshauri aandike, na kwenye barua aweke majina ya vijiji, idadi ya waliojifungulia njiani, waliokufa, na saa zilizotumika kuwabeba. Alisema baadhi ya hayo hayamo kwenye daftari. Nikamwambia aende kwa wale waliobeba machela, kwa sababu wanamkumbuka kila mmoja. Ameanza na vijiji vya ng'ambo ya mto.