Mto wa Zombe Si Mkavu

Je, umewahi kufika Zombe? Ni mashariki mwa mji wa Kitui, katika nchi ya mibuyu, migunga na udongo mwekundu. Mimi nilifika huko na kamera begani, na picha niliyoitaka nilikuwa nayo kichwani tayari: mto mkavu, mbuzi aliyekonda, mama na mtungi.

Picha hiyo niliitoa wapi? Naam, kwa Mohamed Amin. Mzaliwa huyu wa Nairobi, aliyefariki mwaka 1996 ndege iliyotekwa nyara ilipoanguka karibu na Visiwa vya Komoro, ni mwalimu wa wapiga picha wengi wa Kenya. Mnamo Oktoba 1984, filamu aliyoipiga Korem, Ethiopia, ilionyeshwa na BBC na ulimwengu ukaamka kuwasaidia wenye njaa. Lakini Amin aliipiga njaa aliyoikuta. Sisi wanafunzi wake tunabeba njaa ile kichwani kila twendako penye jua kali.

Mgeni ni kuku mweupe. Nilipofika mtoni, mama mmoja aliyekuwa akichimba mchanga aliniona mara moja. Nikainua kamera, naye akainua kiganja.

"Mwanangu, utanipigaje picha na nguo za kazi? Ngoja jioni."

Niliona haya, nikaketi. Hapo ndipo nilipoona nisichokijia. Shimo lilipofika kina cha mkono, maji yalianza kujaa taratibu, akayachota kwa kibuyu. Mto niliouita mkavu ulikuwa umeficha maji yake chini ya mchanga, jua lisiyafikie. Ndiyo sababu watu wa Kitui hujenga mabwawa ya mchanga: ukuta huzuia mchanga, nao mchanga hutunza maji ya mvua hadi kiangazi.

Jioni alikuja na gauni la kanisani, kitambaa kichwani na kiondo alichokisuka mwenyewe. Alisimama wima chini ya mbuyu, akaitazama kamera bila kupepesa. Nilimkumbuka N. V. Parekh, ambaye studio yake mjini Mombasa ilipokea watu waliojipamba wakaja kupigwa picha kama walivyotaka kuonekana. Saa ile jua lilikuwa limelala, na udongo uling'aa kuliko mchana kutwa.

"Na mimi nitaiona?" akaniuliza.

Swali hilo lilinichoma. Ni wangapi niliowapiga picha, nikaenda zangu wasizione? Mwezi uliofuata nilirudi Zombe na picha yake ndani ya bahasha. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akawaita jirani.

Nawe msomaji, ukienda mashambani Desemba hii na simu yako, omba ruhusa kwanza, kisha ketini mzungumze. Halafu, tafadhali, mrudishie mwenyewe picha yake.