Mtoto kabanwa kifua mlimani, spesa nayo imepasuka... utafanyaje?

Msomaji wangu, kama hujawahi kumshika mtoto wa miaka miwili anayekataa kitu usoni, usiniambie unajua mieleka. Kichwa huku, miguu kule, na mikono sijui katoa wapi mingine miwili! Na hapo si kwamba unamlazimisha uji. Unataka avute hewa tu.

Bwana mdogo wangu kifua kinampiga miluzi tangu alipotimiza mwaka. Leo yakimwingia mafua, kesho usiku unasikia "fiii, fiii", kama birika linalotaka kuchemka. Daktari hakukimbilia kumwita mgonjwa wa pumu. Alisema watoto wengi wa umri huu hubanwa kwa sababu ya virusi vya mafua, maana njia zao za hewa bado ni nyembamba, na wengi huachana nayo wakifikia umri wa shule. Wengine ndiyo inakuwa pumu kweli. Basi tunasubiri. Na huku tunasubiri, tunayo inhela ya salbutamol, ile ya bluu, pamoja na spesa.

Spesa si kitu cha ajabu. Ni chupa tu ya plastiki, upande mmoja unachomeka inhela, upande wa pili kuna maski ya kufunika pua na mdomo. Dawa ikitoka kwenye inhela inatoka kwa kasi, ukimpulizia mtoto moja kwa moja inagonga kooni na kuishia hapo. Ndani ya spesa inatulia, yeye anaivuta kwa pumzi zake za kawaida, tano au sita. Ile amri ya "vuta sasa!" watu wazima wenyewe inawashinda, sembuse huyu anayejua kusema "sitaki" tu.

Halafu kuna wanaodhani hivi vitu vimekuja juzi. Wapi! Mwaka 1955 huko Marekani binti wa miaka 13 mwenye pumu alimuuliza baba yake, bosi wa kampuni ya dawa ya Riker, kwa nini dawa yake isiwekwe kwenye kopo la kupuliza kama ile ya nywele. Mwaka uliofuata inhela ya kwanza ikaingia sokoni. Salbutamol yenyewe ikafuata mwaka 1969.

Sasa njoo Desemba. Mpare wa mjini Desemba hukai, lazima upande nyumbani. Ukishuka pale Same ni joto, upepo na vumbi. Ukianza kupanda, mambo yanageuka. Ile milima inafika mita 2,462 pale Shengena, ukungu unakukuta njiani, baridi hilo, na kila jiko linafuka moshi wa kuni. Kifua cha mtoto kinatoka kwenye tanuri na kuingia kwenye friji ndani ya siku moja, kisha unakifukizia moshi juu yake. Kwetu ni upande wa Mamba, kwenye tangawizi.

Tulipofika nikafungua begi. Lilikuwa limesafiri juu ya gari chini ya mfuko wa saruji wa mtu. Spesa imepasuka vipande vitatu! Maski, kwa kuwa ni mpira laini, ilikuwa nzima.

Usiku wa pili bwana mdogo akabanwa. Mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi, mvua inanyesha, na barabara ya kwetu ikilowa hata bodaboda anafikiria mara mbili. Mama yangu akaja na kikombe cha tangawizi na asali. Alipoona nimeshika inhela akasema, "Baba, hiyo pampu ataizoea. Ukishaanza huachi tena."

Nikamwambia, "Mama, tangawizi yako naiheshimu, lakini haifungui njia iliyobana."

Maneno haya ya "ataizoea" utayasikia Kariakoo na utayasikia Mamba, na yanaogofya watu hadi wanamnyima mtoto dawa mpaka amezidiwa. Salbutamol inalegeza misuli iliyozibana njia za hewa, inafanya kazi ndani ya dakika chache na inadumu kama saa nne hadi sita. Mtoto hageuki teja. Akianza kuihitaji mara kwa mara, maana yake ugonjwa haujadhibitiwa, hapo ni kurudi kwa daktari. Ile ya maji ya kunywa wengi wanaiona ya upole, kumbe inachelewa, inazunguka mwili mzima, mikono inatetemeka na moyo unakwenda mbio.

Mtandao kwetu mpaka usimame nyuma ya zizi. Nikasimama na mvua yangu, nikampigia rafiki yangu muuguzi. Akaniuliza, "Chupa ya maji ya nusu lita huna?" Ninayo. Basi akanielekeza: toboa kitakoni kwa waya wa moto, tundu la umbo la mdomo wa inhela, chomeka inhela, ziba pembeni kwa plasta hewa isipite, mdomoni mwa chupa funga maski. Si ubunifu wake. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walionyesha kwamba kwa watoto waliobanwa na pumu chupa kama hiyo, ikizibwa vizuri, inafanya kazi sawa na spesa ya dukani. Kikombe cha plastiki kilifanya vibaya kuliko vyote, kwa hiyo usijaribu kurahisisha.

Ikabaki mieleka. Mtoto akilia na kupiga kelele dawa nyingi haifiki kwenye mapafu, kwa hiyo kumkaba haisaidii sana. Mke wangu akamkalisha mapajani, mgongo kifuani kwake. Nikamgeukia mama. "Mama, anza wewe." Akaniangalia kama nimechanganyikiwa, akaivaa ile maski tupu, akavuta na kutoa macho. Bwana mdogo akacheka! Ikamfikia yeye, imekaa usoni bila upenyo. Nikatikisa inhela, pafu moja, bibi akahesabu pumzi kwa Kipare kwa sauti ya mchezo. Nikatikisa tena, pafu la pili. Tukaenda hivyo hadi idadi aliyoandika daktari.

Pembeni tulishamwamsha kijana wa bodaboda. Midomo ingegeuka buluu, au angelegea, au angeshindwa kunywa, au dawa isingemsogeza, tungeteremka naye hivyo hivyo na mvua, tukiendelea kumpa njiani.

Robo saa, mbavu zikatulia. Akaomba chai ya tangawizi ya bibi. Mama akanitazama!

Kesho yake mtoto akahamishwa kulala mbali na jiko la kuni. Chupa nikaiosha kwa sabuni ya vyombo na kuiacha ikauke yenyewe, maana ukiifuta kwa kitambaa dawa inang'ang'ania plastiki. Kopo letu lina pafu 200 na halina kihesabu, na kulitikisa hakukwambii kama limebaki na dawa. Bibi akachukua mkaa, kila pafu mstari mmoja ukutani. Tulipoondoka ilikuwa 26, akaninakilia kwenye karatasi nisije nikapoteza hesabu njiani, kisha akaniuliza kama chupa nyingine nitamtobolea, ya mjukuu wa jirani.